Gego limeng'olewa, maumivu yamebaki: ni jino au ni sainasi?

Daktari, asalaam aleikum.

Mimi ni fundi wa kuchonga milango hapa Lamu, karakana yangu iko Langoni. Umri wangu ni miaka 40 na ushei. Sivuti sigara. Muguka nilikula sana ujanani, nikaacha, ingawa meno yalishaonja hasara yake.

Shida yangu ilianza kusi ilipoingia. Tulipata mafua nyumba nzima, wenzangu wakapona, mimi ubavu wa kushoto wa uso ukabaki mzito. Halafu magego ya juu ya upande huo yakaanza kuuma. Hayachomi, yanabana. Nikiinamia ubao ndipo yanapozidi, na nikisujudu meno yote ya upande ule hugonga mpaka nasahau nimefika rakaa ya ngapi.

Nikaenda kutazamwa. Aliyenitazama akaona gego moja lina shimo la zamani, akasema ndilo hilo. Sikubisha, maana ni kweli lilikuwa limeoza. Mwaka jana liliniuma usiku kucha kwa siku kadhaa, kisha likanyamaza lenyewe. Basi likang'olewa, tena kwa taabu: likavunjika, likatolewa vipande vipande. Nikapewa kapsuli za amoksilini na dawa ya maumivu. Wallahi nilipata raha. Dawa zilipokwisha, raha ikaenda nazo. Maumivu yamerudi pale pale, na sasa natokwa na kamasi tundu la kushoto tu, lina uvundo. Mke wangu anasema hausikii, lakini mimi nausikia, na asubuhi mdomo huamka mchungu.

Nimerudi, nimeambiwa gego la jirani nalo ling'olewe. Hilo halina shimo wala doa. Mamangu ameshakata shauri kuwa hiki ni kipandauso, na kila jioni hunifunika shuka juu ya sufuria ya majani ya mwarobaini. Jirani asema ni sainasi, ninunue dawa ya kupuliza puani. Shemeji asema niweke aspirini juu ya ufizi. Kila mtu daktari.

Nauliza: ling'olewe hilo la pili? Je, nirudie zile kapsuli, kwa kuwa ndizo zilizonipa nafuu? Na mtu atajuaje kama ni jino au ni pua, asimalize meno bure? Nina mlango wa watu lazima uishe, mwenyewe anakuja kuuchukua, kukaa nyumbani siwezi.

Kuna na kichekesho. Juzi barazani nilikuwa nakunywa kahawa, tone likanitokea puani. Wazee wakacheka, wakasema nimepaliwa. Nami nikacheka.

Fundi wa Langoni, Lamu

* * *

Wa aleikum salaam, fundi, na pole sana.

Gego la pili lisiguswe kwanza. Sisemi hivyo kumbeza aliyekutazama. Yeye alikuona mdomo, mimi nimeona barua tu. Lakini barua yako ina dalili zinazoelekeza kwingine, na iliyo nzito kuliko zote umeiweka mwisho pamoja na kicheko. Ile kahawa.

Mtu akipaliwa, kinywaji hupandia nyuma ya koo, naye hukohoa na macho hutoka machozi. Wewe hukusema umekohoa. Fanya hivi leo: piga funda dogo la maji ya uvuguvugu, inamisha kichwa mbele kidogo, yazungushe mdomoni taratibu. Yakichuruzika kwenye tundu la kushoto la pua bila kikohozi chochote, basi chukulia kwamba pale lilipotoka gego pamebaki njia iliyopenya hadi kwenye sainasi. Maji yasipotoka, hilo halikuondolei shaka yote, kwa sababu njia ndogo huweza kuzibwa na nyama iliyovimba au usaha. Usijaribu kubana pua na kupuliza kwa nguvu ili "kuhakikisha", kama wengine wanavyofundishana. Tundu dogo lililokuwa likijifunga utalipasua upya.

Nieleze kwa nini jino na pua vinachanganyana hivi. Ndani ya mfupa wa shavu, chini ya jicho, kuna chumba cha hewa. Kwa mtu mzima ujazo wake ni kama mililita 15, yaani kijiko kimoja cha mezani. Hiyo ndiyo sainasi ya shavu, kubwa kuliko sainasi nyingine zote za uso. Sakafu yake ni mfupa ule ule ulioshika mizizi ya magego ya juu. Kwa watu wengi mfupa huo ni mwembamba mno, na kwa baadhi, ncha za mizizi ya gego la kwanza na la pili zimefunikwa na utando laini tu wa sainasi. Na mshipa wa fahamu unaopeleka habari za magego hayo kwenye ubongo ndio unaopeleka pia habari za utando huo. Ubongo ukipokea kilio, hauna njia nzuri ya kujua kimetoka ghorofa ya juu au ya chini.

Si jambo jipya. Mwaka 1651 tabibu Mwingereza, Nathaniel Highmore, aliandika juu ya mwanamke aliyeng'olewa jino la juu, usaha ukawa hauishi kutoka kwenye pengo. Mama wa watu akaingiza kijiti cha fedha, kikazama. Akaingiza unyoya, ukazama pia, akaingiwa na hofu kwamba umefika ubongoni. Ulikuwa kwenye sainasi. Kwa miaka mingi baadaye madaktari walikiita chumba hicho kwa jina la Highmore.

Sasa, kusujudu kwako. Sainasi ya shavu ina kasoro moja ya ujenzi: tundu lake la kutolea kamasi liko juu, karibu na dari. Fikiria birika la nyumba ya kale ambalo fundi aliweka bomba la kutolea maji kule juu badala ya chini. Katika hali ya uzima, vinyweleo vidogo mno hufagia kamasi kupanda hadi kwenye tundu hilo na kuitoa puani. Mafua yakija, utando huvimba, tundu huziba, kamasi hukaa. Ukiinama, uzito na shinikizo huhama, utando ulioumia hushtuka, na mizizi iliyo chini yake hugonga. Ndiyo maana ni meno yote ya upande ule, si moja.

Hapo ndipo pa kuanzia kwa yeyote anayetaka kutofautisha. Mwambie mgonjwa aonyeshe panapouma. Mwenye jino bovu mara nyingi huonyesha kwa ncha ya kidole kimoja. Mwenye sainasi huweka kiganja kizima shavuni. Maumivu ya sainasi hushika magego kadhaa ya juu kwa pamoja, ni ya kubana, na huzidi ukiinama, ukiruka au ukishuka ngazi kwa kishindo. Huja na jamaa zake: pua kuziba, kamasi zito, harufu kupotea hata pilau isinukie, makohozi kushuka kooni. Na hayashuki kwenye meno ya chini. Likikuuma gego la chini, sahau sainasi. (Na taya la chini la kushoto likiuma kila unapobeba mzigo au kupanda ngazi kisha likatulia ukipumzika, usiende kwa daktari wa meno, nenda ukapimwe moyo, upesi.)

Jino lina tabia nyingine. Huchokozwa na kitu: maji ya barafu, chai ya moto, kipande cha halua, au kutafuna. Maumivu ya baridi yakikatika mara tu unapomeza, jino lina uchokozi lakini bado lina uhai, na pengine litazibwa lipone. Yakibaki nusu dakika au zaidi baada ya baridi kuondoka, au yakikuamsha usiku bila kuchokozwa na kitu, uhai ulio ndani ya jino unakufa. Gonga meno moja moja taratibu kwa mpini wa kijiko, pande zote mbili ili uwe na cha kulinganisha. Moja likikurusha na mengine yakinyamaza, mshukiwa umempata. Yakilalamika matatu au manne ya safu moja kwa kiasi kile kile, tazama juu, kwenye sainasi. Ukikuta kichunusi cha usaha kwenye ufizi, hakuna haja ya kubahatisha tena.

Kipimo cha kuinama peke yake kisikudanganye. Jino lenye jipu nalo hupwita ukiinama au ukilala. Nimeona watu wakijitangazia sainasi kwa dalili hiyo moja, wakanywa dawa za mafua huku jipu linakomaa. Unahitaji dalili zaidi ya moja zinazokubaliana.

Kuna na mshukiwa wa tatu ambaye watu humsahau: misuli ya taya. Anayesaga meno usingizini, au anayeyakaza akiwa kazini, huamka magego yakiuma pande zote mbili, na vipaji vya uso vimechoka. Mafundi wa kazi za mikono mna tabia hiyo kuliko mnavyojijua, nanyi watafunaji wa muguka na jojo saa nne mfululizo mnaifahamu hata kama hamjaipa jina. Lakini hilo halileti uvundo puani, kwa hiyo kwako nalipita.

Uvundo ndio wa kusimama. Mafua ya kawaida hushika matundu yote mawili ya pua, na kamasi lake, hata liwe la njano au kijani, halinuki hivyo. Upande mmoja tu, tena wenye harufu mbaya anayoisikia mwenyewe, ni alama ya sainasi inayolishwa na jino hadi ithibitike vingine. Na barua yako imeshatueleza jino gani: lile "lililonyamaza lenyewe" mwaka jana. Jino halinyamazi kwa kupona. Hunyamaza kwa sababu mshipa wake umekufa. Wadudu hubaki kwenye mizizi, na huweza kupenyeza usaha kwenye sainasi miezi mingi bila jino kuuma hata kidogo. Kwa hiyo aliyeling'oa hakukosea mlango. Nadhani alifungua wa kweli, ila nyuma yake kulikuwa na chumba kichafu ambacho hakijasafishwa.

Na kwa kuwa lilitoka vipande vipande, kuna swali jingine: mizizi yote ilitoka? Mara nyingine ncha ya mzizi husalia, au husukumwa juu ikaingia ndani ya sainasi. Hapo utakunywa dawa za kila rangi, utapata nafuu, na zikiisha utarudi ulipokuwa. Ndivyo ilivyokutokea. Kwa hiyo jibu la swali la kapsuli: usizinunue tena dukani kwa kukisia. Zilituliza wadudu kwa muda, hazikufunga tundu wala kutoa kipande. Daktari akishaona picha, huenda akakupa dawa ya kuua wadudu, pengine si ile ile, na hapo uimalize kama alivyosema.

Gego la jirani tulifanyie haki. Weka maji baridi juu yake, kisha juu ya mwenzake wa upande wa kulia. Yote mawili yakihisi baridi kwa namna moja na kutulia pamoja, hilo gego liko hai, nalo analialia kwa sababu amepanga nyumba moja na mgonjwa. Jino hai lisilo shimo halina haki ya kung'olewa kwa kukisia. Likiwa halihisi baridi kabisa, mwambie daktari. Hilo ni jambo la kuchunguzwa, bado si hukumu.

Unachotafuta sasa ni picha. Nenda kwanza hospitali ya kaunti, ueleze mambo manne kwa mpangilio: jino lilitoka vipande, kamasi ni upande mmoja, linanuka, na kinywaji kimetokea puani. Ukisema "jino linauma" tu, utatazamwa jino tu. Omba eksirei ya pengo lenyewe, na ikiwezekana ile ya taya zima inayoonyesha sakafu ya sainasi. Isipotosha, skani ya CT ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi tundu la mfupa na kipande kilichopotea. Huenda ukalazimika kuvuka Mokowe na kupanda basi hadi Malindi au Mombasa kumpata daktari wa upasuaji wa mdomo, pengine akishirikiana na yule wa masikio, pua na koo. Najua safari ile na gharama yake. Bado ni nafuu kuliko kumaliza safu ya magego moja moja.

Kama kuna tundu: lile dogo, la milimita moja au mbili, kwa kawaida hujifunga lenyewe katika majuma ya mwanzo likiachwa litulie. Lililobaki wazi na lina usaha halijifungi. Sainasi husafishwa, kipande kikiwepo hutolewa, kisha ufizi huvutwa juu ya tundu na kushonwa. Kazi nyingi za namna hii hufanywa kwa ganzi, ukiwa macho.

Mama yako asikasirike, hakunena upuuzi. Kipandauso huweza kuleta maumivu ya shavu na hata pua kutiririka, na wengi wanaojiita wagonjwa wa sainasi mwaka mzima kwa kweli ni wagonjwa wa kipandauso: kichwa kinapwita, mwanga unaudhi, kichefuchefu kinakuja, halafu kinapita kwa siku moja au mbili mpaka safari nyingine. Chako hakipiti, na kipandauso hakina uvundo. Mvuke unalegeza kamasi, lakini kichwa ndani ya shuka juu ya sufuria iliyotoka motoni ni njia ya kuungua uso. Bafu la maji ya moto linatosha.

Shemeji ndiye wa kukataliwa kabisa. Aspirini juu ya ufizi haitulizi jino, inaunguza nyama na kuacha kidonda cheupe. Pamba yenye tone la mafuta ya karafuu ina faida yake ndani ya jino lenye shimo, kwa saa chache, lakini si kwenye pengo lako. Kwa maumivu, paracetamol ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku. Ibuprofeni husaidia zaidi kwa maumivu ya meno, nayo unaweza kuitumia pamoja na paracetamol, ila inywewe baada ya kula, na isiguswe na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au mimba. Dawa ya jirani ya kupuliza puani hufungua pua kweli, lakini ikizidi siku tatu hadi tano pua huizoea na huziba zaidi kuliko mwanzo.

Kwa wasomaji ambao hawana historia ya fundi huyu, bali mafua yamewashukia magegoni: wengi wenu hamhitaji dawa ya kuua wadudu. Ugonjwa huo kwa kawaida ni wa virusi na huanza kulegea ndani ya siku 7 hadi 10. Safisheni pua kwa maji ya chumvi: kikombe cha maji yaliyochemshwa yakapoa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Maji ya kisima, hata kama yana chumvi yake, si ya kutia puani bila kuchemshwa. Siku 10 zikipita bila nafuu, au mkipata nafuu kisha mkaanguka upya, au homa ikifika nyuzi 39 na uso unauma siku tatu au nne mfululizo, muoneni daktari. Wewe fundi usijisafishe pua kwa kusukuma maji kwa nguvu mpaka ujue kama tundu lipo.

Haya yafuatayo hayasubiri miadi wala boti ya asubuhi, kwako na kwa yeyote: jicho kuvimba au kuona vitu viwili viwili, kichwa kuuma kupita kiasi pamoja na shingo kukakamaa au kuchanganyikiwa, uvimbe chini ya taya unaozuia kumeza, kufungua mdomo au kupumua. Usaha wa jino na wa sainasi una majirani wabaya, jicho juu, koo chini. Usiku au mchana, mgonjwa huyo apelekwe.

Na mlango wa watu? Chonga. Hakuna ubaya wa kufanya kazi ukisubiri safari, ila inua ubao juu ya meza usiinamie sana, na ufunge barakoa nzuri, kwa sababu vumbi la mbao lenyewe huchokoza utando wa pua hata kwa mtu mzima wa afya. Usipenge kamasi kwa nguvu, futa tu. Chafya ikija, fungua mdomo itokee huko. Usinywe soda kwa mrija. Na najua nyinyi wachongaji, kila baada ya mapigo machache ya patasi mnapuliza nakshi kwa mdomo ili kuondoa vumbi. Pumzi ile inapita juu moja kwa moja kwenye pengo. Tumia brashi.